Mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili

Siku fundi redio alipomwona mchungaji kwa mara ya kwanza, mchungaji alikuwa amebeba spika begani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kibanda kimefunguliwa hata robo saa haijapita. Aliishusha taratibu juu ya meza, katikati ya redio zilizofunuliwa matumbo, akafuta jasho, akasema, "Fundi, spika yangu inakwaruza. Jana watu hawakusikia hata nusu ya mahubiri."

Fundi hakuwa mtu wa maneno. Mtaani walimwita Bubu, hata mbele yake, naye aliitika. Mtu akileta redio aliuliza mawili tu: imeanza lini, na utaifuata lini. Siku hiyo hata hayo hakuyauliza. Aliichomeka spika, akaunganisha maikrofoni, akaigonga kwa ukucha. Ikatoka safi. Akafungua kifuniko cha nyuma, akapuliza vumbi, akakagua waya mmoja mmoja. Hakuna uliokuwa umeachia.

"Hebu sema neno," akamwambia mchungaji.

"Bwana asifiwe. Moja, mbili, tatu."

Ikakwaruza.

Fundi akaichukua maikrofoni, akaisogeza mdomoni kwake, akasema kwa haya, "Moja, mbili." Safi kabisa. Akamrudishia mchungaji. Ikakwaruza tena. Hapo fundi akaizima spika. Miaka ishirini na sita alikuwa akitafuta ubovu ndani ya vyombo vya watu, na leo ameupata, ila haumo ndani ya chombo.

"Spika nzima, mchungaji," akasema akiangalia meza. "Nenda ukapimwe koo."

Mchungaji akacheka. "Koo? Nimehubiri kwa koo hili miaka kumi na tisa. Haya ni mafua tu, ndugu yangu." Akaibeba spika yake akaenda zake. Fundi akaacha mikono juu ya meza, akamsikiliza akikohoa mpaka alipokata kona.

Jumapili iliyofuata fundi alikwenda kanisani kwa mchungaji. Alijidanganya kwamba anakwenda kuisikiliza spika. Kanisa lilikuwa chumba kimoja kirefu cha kupanga, zamani ghala la saruji, na vumbi lake bado lilikuwa kwenye pembe hata lifagiliwe vipi. Aliyelifagia alikuwa mchungaji mwenyewe, kila Jumamosi jioni. Siku nyingine alipaka rangi nyumba za watu. Kucha zake hazikuwahi kutakata, na alipoinua mkono kubariki, watu waliona rangi ya nyumba aliyokuwa akifanyia kazi wiki hiyo. Mkewe, mama mchungaji, alishona sare za shule na kuongoza nyimbo. Watu siku hiyo walikuwa thelathini na wawili. Fundi alikaa nyuma, akasikiliza, akajua kwamba ule mkwaruzo umeongezeka tangu Jumatatu.

Mwezi wa pili mama yake fundi akafariki. Fundi hakumwambia mtu yeyote kanisani, maana hata jina lake hawakulijua. Lakini saa moja asubuhi, makaburini, mchungaji alitokea na jembe begani. Walikuwa wanaume watatu tu wa kuchimba. Akawa wa nne. Alichimba mpaka jua likawa utosini, akikohoa, akitema mate pembeni na kuyafukia haraka kwa kisigino. Fundi aliyaona yale mate kabla hayajafukiwa. Hayakuwa meupe.

Toka hapo hakukosa Jumapili hata moja. Masikio ya watu wengine yaliizoea ile sauti. Ya kwake hayakuizoea. Kila wiki aliisikia ikishuka kidogo, kama redio ambayo betri zake zinakwisha na mwenyewe hana habari. Kola za mchungaji zilianza kumpwaya. Chini ya taya kikatokea kitu kama kokwa, naye akaanza kufunga skafu hata siku za joto. Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa kanisa jipya lenye spika kubwa kama makabati. Wao wakianza kuimba, madirisha ya ghala yalitetemeka. Wakahama vijana wa kwaya kwanza, halafu familia moja, halafu nyingine. Hakuna aliyeaga. Kila Jumapili mchungaji alipanga viti vilevile thelathini na tano, na kila Jumapili vingi zaidi vilibaki vitupu.

Mwezi wa sita, alifungua kinywa ili asome, pakatoka pumzi tupu. Akasogeza maikrofoni, spika ikatoa mluzi mwembamba na mkoromo. Mtoto mmoja akaangua kilio. Mama mchungaji akainamisha uso. Mchungaji akamwashiria fundi kwa kidole, na fundi akaenda mbele akidhani ameitwa kutazama waya. Mchungaji akamvuta, akamnong'oneza sikioni, "Sema ninayosema."

Fundi akarudi nyuma hatua moja. Mbele ya watu hajawahi kusema hata jina lake.

"Sema," mchungaji akarudia. "Ndugu zangu, msiogope."

"Ndugu zangu," fundi akasema, "msiogope."

Mzee wa kanisa, fundi cherehani mmoja mwenye tumbo na utani mwingi, akapiga paja. "Jamani! Mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili! Haya Bubu, tupe mambo!"

Watu wakacheka, na ikawa hivyo. Kila Jumapili fundi alisimama bega kwa bega na mchungaji, ameinamisha sikio, akipokea neno kwa neno na kulitoa lilivyo. Alifanya kama anavyofanya kazi yake: haongezi sehemu ambayo haikuwamo, hatoi iliyokuwamo. Mchungaji akisema "mimi", naye alisema "mimi". Baadaye pumzi ya mchungaji ikaanza kunuka kitu ambacho fundi hakutaka kukipa jina. Hakusogeza sikio.

Mwishowe mama mchungaji alimburuta mumewe hospitali. Walirudi na karatasi. Daktari alisema sanduku la sauti la kooni lote litakatwa, Jumanne ya wiki inayofuata, na kama wamewahi au wamechelewa wataona wakishafungua. Baada ya hapo, hata kunong'ona hakutakuwepo.

Jumamosi fundi akaenda kanisani kujaribu spika. Akakuta mchungaji hafagii. Anapandanisha viti kimoja juu ya kingine na kuvifunga kamba, safu kwa safu, kama mtu anayehama. Vilibaki kumi na viwili tu sakafuni. Mama mchungaji alikuwa amekaa mlangoni, amejishika tama.

"Viti vinakwenda wapi, mama?" fundi akauliza.

"Muulize mwenyewe. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Barua ya kurudisha ufunguo kwa mwenye nyumba ameshaandika."

Fundi akamtazama mchungaji. Mchungaji hakugeuka, alikaza fundo kwa meno. Fundi akaondoka na bisibisi yake mkononi.

Jumapili walifika watu kumi na mmoja. Ng'ambo ya barabara walikuwa wameshaanza, na vioo vilikuwa vinatetemeka. Mchungaji hakufungua maandiko. Alimvuta fundi karibu, akanong'ona, "Waambie leo ni mwisho. Kanisa tunalifunga. Waende kule ng'ambo, watahubiriwa vizuri."

Fundi akamtazama usoni.

"Waambie."

Watu wakaanza kutazamana. Fundi akaikamata maikrofoni kwa mikono miwili. Miezi mitatu hakuwahi kulibakiza neno la mtu huyu, na hakujua kama anayo haki ya kulibakiza leo. Akapiga moyo konde.

"Mchungaji amesema leo ni mwisho. Kanisa linafungwa. Amesema mwende ng'ambo, mtahubiriwa vizuri." Akawageukia watu. "Nimeyasema yalivyo, sijapunguza. Sasa nina la kwangu. Sijazoea. Mnivumilie."

Mzee cherehani akafungua mdomo atanie, akaufunga.

"Mama yangu alipofariki tulikuwa watatu wa kuchimba kaburi. Mimi sina marafiki, mnanijua. Huyu akaja na jembe. Hakuhubiri. Hata kuniambia njoo kanisani hakuniambia. Nilidhani anajua alichonifanyia. Kumbe hajui. Anaangalia viti." Akajifuta uso kwa kiganja. "Jambo la pili. Haya maneno yake niliyokuwa nawapa, hayaniachi. Niko kibandani nalehemu waya, yananijia mdomoni, nayasema peke yangu. Wateja wanadhani nimechanganyikiwa. Mimi sijui kuhubiri, lakini shule ya msingi nilimaliza, kusoma najua. Jumapili nitasoma. Atakayekuja atakuja."

Mchungaji akamvuta mkono wa shati kwa nguvu, macho yamemtoka. Akamfokea sikioni kwa pumzi.

"Mchungaji anauliza nani amenituma," fundi akasema kwa sauti, kwa mazoea.

Mtu mmoja akacheka bila kutaka.

"Anasema ninyamaze."

Wakacheka wote, hata mama mchungaji, ambaye alikuwa hajacheka tangu ile karatasi. Mchungaji peke yake hakucheka. Aliliegemea bega la fundi, na safari hii alichukua muda mrefu kunong'ona, na lilikuwa neno moja tu. Fundi akalipokea, akalitoa lilivyo.

"Anasema, nimechoka."

 Ng'ambo walikuwa wamefika kwenye kiitikio, na kioo kimoja kilikuwa kinagonga fremu yake bila kukoma.

Bibi mmoja muuza mkaa, ambaye hakuwahi kutia neno kanisani isipokuwa amina, akainuka. "Kama amechoka si akae? Nani alimwambia asimame miaka yote hiyo?" Akanyanyua kiti chake mwenyewe, akakipeleka mbele, akakiweka nyuma ya magoti ya mchungaji. "Kaa, baba. Kaa hapo. Sisi hatuendi popote."

Mchungaji akakaa. Akafunika uso kwa ile mikono yenye rangi, wiki hiyo ilikuwa ya kijani, na mabega yakamtikisika bila sauti yoyote. Mzee cherehani naye akaenda ukutani kwenye safu za viti, akahangaika na kamba.

"Mchungaji, fundo gani hili? Umefunga viti au umefunga ng'ombe?" akasema, akatoa mkasi wake mfukoni, akaikata.

Jumanne asubuhi gari la kukodi lilisimama nje ya nyumba ya mchungaji, nyumba ya vyumba viwili ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kuipaka rangi. Mama mchungaji alipakia begi, chupa ya maji ya moto na shuka mbili. Fundi alikuwa amefunga kibanda kwa siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mama yake, akasimama karibu na mlango wa gari bila kujua mikono aiweke wapi. Ile barua ya ufunguo hakuna aliyemwambia kama imekwisha kupelekwa, naye aliogopa kuuliza. Mchungaji alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Ile kokwa shingoni sasa ilikuwa kubwa hata skafu haikuificha, na kila alipovuta pumzi kilisikika kitu kama msumeno butu kwenye mti mbichi.

"Usimchoshe, fundi," mama mchungaji akasema. "Kila neno linamuumiza."

"Sisemi kitu, mama."

Dereva akawasha gari. Mchungaji akampiga dereva bega asubiri, kisha akamwashiria fundi kwa kidole, kama ile Jumapili ya kwanza ya ukalimani. Fundi akaingiza kichwa dirishani, akainamisha sikio, akaisubiri ile pumzi. Ilikuja kwa shida, ikakatika, ikaanza upya.

"Jumapili anza saa tatu. Usiwasubiri. Hata ukiwa peke yako, anza."