Masizi ya Nguzo

Juzi bomani Dodoma nilimkuta mama mmoja akibishana na karani wa daftari la nyumba. Mvua ilibomoa tembe lake la udongo, naye akalijenga upya palepale.

"Basi hiyo ni nyumba mpya," karani akasema. "Nyumba mpya hupewa kiwanja kingine, kule kwenye mstari wa barabara."

"Kipya ni udongo tu, bwana karani. Nguzo ni zilezile alizosimika mama mkwe wangu. Njoo uzishike."

Nilidhani atamfukuza. Akaweka kalamu, akavaa kofia, akamfuata. Aliporudi, viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi ya miaka mingi. Akaandika: "Nyumba ya zamani, imekandikwa upya."

Makarani wengi nawajua kwa wino wa vidoleni. Huyu nitamkumbuka kwa masizi.