Kimondo Kilichomwangukia Baba

Harufu ya saruji mbichi ikinifika puani, mkono wangu wa kulia unapanda wenyewe na kukaa utosini. Na Kariakoo hii, ambako kila nyumba ya chini inavunjwa ili lipande ghorofa, basi natembea nimejishika kichwa mtaa mzima. Wenzangu wa kidato cha tatu hawana mbavu. "We, unaogopa nywele zitatoroka?" Nawajibu kwamba msusi alizisuka vibaya, zinatafuta njia ya kurudi kwao. Wanacheka, yanaisha. Ninyi nitawaambia ukweli, ila msiupeleke shule.

Baba yangu aliuza kofia za kiume juu ya meza ya mbao, kando ya barabara, chini ya ghorofa lililokuwa linajengwa. Kofia za darizi, nyeupe na za rangi ya maziwa. Jioni alizifua, akazitia wanga, akazianika juu ya makopo yaliyogeuzwa ili zishike umbo, na ua wetu wote ukaonekana umejaa vichwa vya wazee wasio na miili. Nilikuwa nawaamkia. "Shikamooni!" Baba anaitika kwa niaba yao, "Marahaba, na usikojoe tena kitandani." Kofia zote zile, na hakuna hata moja iliyokuwa ngumu.

Siku aliyokufa nilikuwa darasa la kwanza. Niliporudi shule nikakuta turubai limefungwa mtaani na watu wamejaa kwenye mikeka. Nikajua ni harusi. Nikamuuliza jirani, "Pilau liko wapi?" Yule mama alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Mama akaingia eda. Mjane kwetu hukaa ndani, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na kwa kuwa Mama alikuwa na mimba, eda yake ilikuwa mpaka ajifungue. Alikaa chumbani na kanga nyeupe, wanawake wamemzunguka, na kila nikisogea na swali natumwa dukani. Nilichosikia ni kwamba Baba alipigwa na kitu kichwani, basi maswali yote yakamwangukia Mjomba Sele, kaka yake, mtu ambaye uongo wake ulikuwa mtamu kuliko ukweli wa wengine.

"Mjomba, Baba alipigwa na nini?"

Akatazama juu. "Kimondo, mama. Jiwe la angani, linakuja linawaka."

Na ili nisibishe, akaniletea ushahidi. Kulikuwa na beberu wa Buguruni aliyepigwa na kimondo huku anatafuna kadi ya harusi, zikabaki pembe mbili zinafuka moshi. Kulikuwa na jogoo wa Mchikichini aliyesimama juu ya rundo la mitumba kuwika; alianguka ameshaiva. Kisha Mjomba akatoa mfukoni kijiwe cha kijivu, ukubwa wa limau. "Kipande chenyewe hiki. Kitunze."

Nikalala nacho chini ya mto. Sitawadanganya, sikuwa na huzuni, nilikuwa na majivuno. Baba yake Rukia alikuwa na pikipiki. Wangu alikuwa na kimondo.

Nikayapeleka majivuno hayo madrasa.

"Muongo," akasema Rukia.

"Haki ya Mungu! Kimondo kabisa, kutoka mbinguni."

Rukia akanibetulia midomo. "Si ustadhi alituambia vimondo wanapigwa navyo mashetani wanaokwenda kusikiliza siri za mbinguni? Sasa baba'ko alikuwa huko anasikiliza nini?"

Chuo kizima kikanigeukia. Mimi tangu zamani mdomo wangu hutangulia, akili inafuata kwa miguu. Nikasema, "Shetani alikuwa nyuma yake, anajaribu kofia. Malaika akakosa shabaha."

Nilingoja bakora. Ustadhi akaiweka chini, akanivuta nikae kando ya goti lake, akaendelea kusomesha kwa sauti iliyokwaruza. Nami, kwa akili yangu ile, nikaelewa jambo moja tu: hata ustadhi anajua Baba alikuwa shetani, ananihurumia.

Tangu hapo kijiwe kikawa cha moto chini ya mto. Nilimwona Baba huko aliko akifukuzwa na malaika, kofia zinamdondoka. Ilibidi kisiwe kimondo. Mwalimu wa sayansi aliwahi kutuambia kwamba mawe ya angani mengi yana chuma ndani yake na hushikwa na sumaku. Basi nikatoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio ya Bibi, nikaenda uani peke yangu, nikaomba dua zote nilizozijua, hata ya kuingia chooni, nikaisogeza.

Haikushika. Nikageuza upande wa pili. Haikushika.

Nilikimbia mpaka barazani nikipiga kelele za furaha. "Mjomba! Feki! Kariakoo hii, hata kimondo wamekuuzia feki! Baba si shetani!"

Mjomba akacheka kama kawaida yake, kwa kifua chote. Halafu kicheko kikakatikia njiani, akashika ukuta. "Nani kakwambia shetani?" Nikamweleza. Alinishika mkono, tukatoka hivyo hivyo, mimi sina hata ndala, mpaka chini ya lile ghorofa. Mahali pa meza ya Baba palikuwa na kijana anauza makava ya simu. Juu, mafundi walikuwa wanapitisha matofali mkono kwa mkono, na harufu ya saruji ilitushukia kama manyunyu ya mvua.

"Lilimponyoka mtu kule juu," Mjomba akasema. "Hakukuwa na shetani, mama. Hakukuwa na wavu wa kulidaka."

Ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu turubai.

Siku hizi nasoma habari za vimondo kwenye simu. Beberu wa Buguruni, Bibi anasema, aligongwa na lori. Lakini yuko mwanamke wa Marekani aliyelala kwenye kochi, jiwe likatoboa paa, likadunda kwenye redio na kumpiga kiunoni. Akapona, na huyo ni wa kweli. Yuko pia mbwa wa Misri, anayesemekana aliteketea akawa majivu. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, na siku aliyoitaja haikulingana na siku mawe yalipoanguka. Watu wanamcheka. Mimi simcheki. Labda nyumbani kulikuwa na mtoto anauliza mbwa yuko wapi.

Kimondo hakina mwenye jengo. Hakina msimamizi ambaye utamtazama kila asubuhi ukipita na maandazi yako. Mjomba alitaka nibaki na mbingu tu ya kuilaumu, kwa sababu mbingu huwezi kukutana nayo njiani. Kijiwe bado ninacho. Ni saruji. Sijawahi kumuuliza alikiokota wapi, wala sitamuuliza.

Mtoto wa eda ile ni wa kiume, ana jina la Baba, Hamisi. Juzi tulipita chini ya ghorofa jipya, harufu ikanipiga, mkono wangu ukapanda. Haukufika kwangu. Ulikaa utosini kwake.

"Dada, unafanya nini?"

"Nakupima kofia," nikasema. "Tembea."