Anarudisha Filamu Nyuma Kutafuta Chozi Lilipoanzia

Saa nne asubuhi, saluni ya nyumbani imeshaanza kazi. Sebule yenyewe ni ndogo: kiti kimoja cha kusukia, benchi la wanaosubiri, kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani, na televisheni iliyokaa juu ya kabati la mafuta na vitana. Mteja aliyeko kitini ameinamisha kichwa kadiri alivyoambiwa, ila macho ameyaelekeza juu, kwenye skrini.

Huko kwenye skrini, fundi wa funguo ameketi sakafuni nje ya chumba chake mwenyewe. Mkewe amejifungia ndani. Tangu filamu ianze, mwanamume huyo amefungua milango ya mji mzima. Huu wa kwake haugusi. Anasubiri.

Nyuma ya kiti, msichana mwenye rimoti mkononi analia. Hajifichi. Machozi yanamshuka hadi kidevuni, anayapangusa kwa mkono wa fulana, anabonyeza rimoti, na filamu inasimama.

"Ameanza," anasema mteja bila kugeuka.

"Dada, nivumilie. Narudi nyuma kidogo tu."

"Juzi ulisema kidogo, tukarudi mpaka kwenye majina ya waigizaji. Mimi nataka kujua huyu mama anafungua au hafungui."

"Bishaneni, lakini kichwa kitulie," anasema msusi, ambaye ndiye mama wa msichana. "Mstari ukipinda, lawama ni zangu."

Msichana huyo ana miaka ishirini na minne. Mtaani wanamwita Machozi, jina alilolipata utotoni siku alipolizwa na tangazo la sabuni kwenye televisheni. Halikatai jina lake, na tangazo bado analitetea. "Lilikuwa tangazo zuri," anasema. "Yule mtoto alikuwa amechafua shati la baba yake, na alijua amelichafua."

Kazi inayomlisha ni kupiga video za harusi kwa studio moja ya picha. Kazi anayoitaka ni kutengeneza filamu. Hakuisomea. Kuhariri alijifunza kwenye kompyuta ya studio, saa za mchana mwenye studio alipokwenda kula. Mengine yote ameyapata hapa sebuleni, akitazama filamu pamoja na wateja wa mama yake.

Kichwa kimoja cha nywele ndogondogo huchukua muda wa filamu mbili, pengine tatu. "Mteja wa kusuka haondoki katikati," anaeleza Machozi. "Akichoshwa unamwona. Akiguswa unamwona. Hana pa kukimbilia, maskini, nusu ya kichwa bado."

Sebule hii ina sheria yake, na mama ndiye aliyeitunga: filamu ya huzuni haiwekwi mpaka afike kisogoni. Mbele ya kichwa ni vichekesho tu. Sheria ilipita baada ya mteja mmoja kulia kwa kwikwi wakati anachorwa njia ya katikati, akaondoka na njia iliyopinda kama barabara ya mlimani.

Leo mama yuko kisogoni, kwa hiyo fundi wa funguo ameruhusiwa.

Machozi anarudisha filamu, anasimamisha, anarudisha tena. Ndivyo afanyavyo kila anapolia. Zamani, anasema, alidhani mtu hulizwa na kile anachokiona dakika ile ile. "Siyo. Chozi linatokea hapa, lakini limeanzia kule nyuma. Nikilia, najua nimeshapitwa na kitu. Narudi kukitafuta."

Anakipata. Kabla ya kuketi, fundi anatua mkoba wake wa vifaa sakafuni taratibu, anavishika vyuma kwa kiganja visigongane.

"Mmeona? Siku nzima anautupa mkoba popote. Hapa hataki mkewe asikie vyuma, asije akadhani anataka kuufungua mlango kwa nguvu. Nilikiona hiki na sikujua kama nimekiona."

"Haya," anasema mteja, sauti imepungua ukali. "Sasa peleka mbele."

Wiki hii Machozi anatazama filamu kama mtu aliyepoteza kitu. Ijumaa jioni, ukumbi mdogo wa sinema ulioko barabara ya tatu kutoka kwao utaonyesha filamu fupi za vijana. Mwenye ukumbi atachagua moja, iwe inatangulia filamu kubwa kila jioni kwa mwezi mzima. Filamu ya Machozi, ya kwanza kuitengeneza maishani, imo. Na Jumapili iliyopita familia yake iliicheka.

Ni hadithi ya baba anayemuaga binti yake, anayekwenda kuanza kazi mji wa mbali. Baba ameigizwa na mjomba wake Machozi, fundi wa kuchomelea vyuma. Binti ameigizwa na binamu yake, mtoto wa mjomba huyo huyo. Kamera aliazima studio. Mwisho wa filamu baba analia mlangoni, vinanda vinalia, binti anaondoka.

Kwenye vinanda ndipo sebule ilipolipuka kwa kicheko. Shangazi alicheka mpaka akatoka nje kutafuta hewa.

Kumbe Mjomba, aliyeambiwa alie, alificha nusu ya kitunguu katika kila kiganja. Kila aliposhika uso kwa uchungu, uchungu uliongezeka.

"Niliambiwa nilie, nimelia," anasema Mjomba karakanani kwake, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. "Walichokicheka mpaka leo sikijui. Vitunguu vile vilikuwa vikali. Kesho yake nachomelea geti naona mageti mawili."

Machozi hakumlaumu. Alijiuliza yeye. "Mimi ninayelia kwa kila filamu nimeshindwa kumliza mtu hata mmoja, tena ndugu zangu," anasema. "Nikawaza labda kujua kulia ni kitu kimoja na hii kazi ni kitu kingine. Labda nibaki na harusi."

Hajabaki na harusi bado. Amerudi kwenye filamu za wenzake, zile alizoziona siku za karibuni, kuuliza zilimfanya nini.

Moja ilikuwa ya vita, kubwa, yenye maelfu ya watu na moto hadi mawinguni. Alitoka macho makavu. "Watu wote wale wanakufa, na mimi nawaza kama nimezima pasi," anakumbuka. "Nilijisikia mbaya. Nikadhani nina roho ngumu siku hizi." Hakuisema vibaya. Aliirudia kwanza. Mara ya pili akaona kwamba hakuna askari hata mmoja aliyeonyeshwa akifanya jambo lolote dogo kabla ya kufa. "Hatukuwaona hata wakifunga kamba za viatu. Tutawalilia vipi, hatuwajui."

Nyingine ilikuwa ya kuchekesha, ya ndugu wawili wenye suti moja. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, na kila mmoja ana siku yake ya kuivaa kwenda kuomba kazi. Machozi alicheka mpaka mama akamtishia kumzimia televisheni. Kisha yule mfupi, siku aliyokataliwa kazi, akaketi kitandani kufumua pindo za suruali ili kesho imfae kaka yake. Mkasi hana. Anafumua kwa meno.

"Nikacheka na kulia kwa pamoja," anasema. "Sikujua nishike lipi niache lipi. Na pale hapakuwa na muziki wowote. Mtu na suruali tu."

Jumatano ya wiki hiyo aliiweka filamu yake mwenyewe kwenye kompyuta ya studio, akaanza pale familia ilipocheka, akarudi nyuma kama anavyorudi kwenye filamu za watu. Alirudi mpaka mwanzo. Nyuma ya machozi ya Mjomba hapakuwa na kitu. Baba alikuwa amesimama tu, akingoja kulia.

Ndipo alipofungua vipande alivyovitupa. Karibu vyote ni vya Mjomba akiuliza kama ameanza au hajaanza. Katika kimoja, Machozi alikuwa amewasha kamera mapema akasahau. Mjomba yuko peke yake mlangoni na begi la safari. Anaijaribu zipu, inagoma. Anatoa koleo mfukoni, anakibana kichwa cha zipu, anaivuta, inapita. Anaifungua tena. Anaivuta tena. Anafanya hivyo mara nyingi kupita haja, kisha analipangusa begi vumbi kwa kiganja chake chote, juu na ubavuni, kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Machozi aliondoa kilio. Akaondoa vinanda. Akaweka zipu.

Alhamisi akaileta sebuleni. Mteja wa siku hiyo, mwalimu wa shule ya msingi aliyekwishasikia habari za vitunguu, alijiandaa kucheka, na kwenye koleo akacheka kweli. Halafu akaacha. Baada ya muda akauliza, "Mama, mbona mikono imesimama?"

Wateja wa miaka mingi wanasema hawajapata kuona filamu yoyote ikiisimamisha mikono ile.

"Kaka yangu alinifungia begi hivyo hivyo siku niliyoolewa," alisema mama. "Anafunga, anafungua. Nikamwambia acha, utaniharibia. Akalifungua tena."

"Zipu ilikuwa mbovu?" mwalimu akauliza.

"Wala. Ilikuwa begi jipya."

Kisha akachukua kitana, akamwambia mwalimu ainamishe kichwa.

Ijumaa jioni ukumbi ulikaribia kujaa. Mjomba alifika na shati lililopigwa pasi, akakaa safu ya mbele kabisa. Alipogundua kuwa kilio chake kimekatwa, aliwageukia waliokaa nyuma yake, watu asiowajua, akawaeleza kwamba kulikuwa na sehemu nzuri zaidi wasiyoonyeshwa. Watu walicheka. Kwenye zipu hawakucheka tena, na Mjomba naye akajitazama kama anayemtazama jirani.

Mwenye ukumbi aliichagua. Lakini alimwita Machozi pembeni, karibu na dirisha la tiketi, akampa sharti moja.

"Pale kwenye zipu uongeze muziki, binti. Kimya ni kirefu. Watu watadhani spika zangu zimekufa."

Mwezi mzima kwenye skrini kubwa, na anachotakiwa ni kurudisha vinanda alivyokwisha kuvitengeneza. "Nilitaka kusema sawa," anasema. "Sawa ilifika hapa, mdomoni. Nikakumbuka mama alivyosimamisha mikono."

Akasema, "Mzee, nipe wiki moja hivi hivi ilivyo. Mtu mmoja tu akija kulalamikia spika, siku hiyo hiyo nauweka muziki."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Jumamosi, jioni ya kwanza, mtu mmoja aliinuka kwenye kimya kile. Alikuwa fundi mitambo wa ukumbi mwenyewe, ambaye hakuwa ameambiwa chochote. Alishuka ngazi haraka, akainama kwenye spika ya kushoto, akaanza kufuata waya kwa vidole. Nusu ya njia akainua macho kuona kinachoendelea kwenye skrini. Alibaki amechuchumaa pale pale, waya mkononi, mpaka filamu ikaisha. Wiki imekatika. Hakuna aliyelalamika.

Kwa sasa Machozi anaandaa filamu ya pili. Mjomba ameshatoa taarifa kwamba safari hii anataka kuwa tajiri, awe amekaa kwenye gari na asishike begi la mtu. Ataipata nafasi hiyo, lakini ya dakika moja. Hadithi yenyewe ni ya msusi anayezunguka siku nzima kutafuta mtu wa kumsuka yeye, na Machozi anataka msusi huyo aigizwe na mama yake.

Mama alikataa. Baadaye akakataa kidogo. Sasa amekubali, kwa masharti. Halii mbele ya kamera, na mwisho wa filamu, msusi atakapopata wa kumsuka, mikono itakayoonekana kichwani mwake iwe ya binti yake, si ya mwigizaji.

Tatizo ni kwamba Machozi, aliyekulia ndani ya saluni, hajui kusuka. Kwa hiyo karatasi za hadithi zimewekwa kando kwanza. Kila saluni inapofungwa, mama huketi kwenye kiti cha wateja, anafungua kilemba, na binti husimama nyuma yake na kitana.

"Mstari wangu wa kwanza umepinda," anasema Machozi, akipangusa jicho kwa kiwiko kwa sababu vidole vimejaa mafuta. "Ameniambia nifumue nianze upya. Kamera tutaiwasha siku atakaponyamaza."