Raketi ya Utumbo

Dada yangu anajua kuosha utumbo na anajua kupigwa. Hayo mawili ndiyo yaliyomfikisha kwenye kile chumba cha nyuma ya viwanja vya tenisi. Naanza na hayo kwanza, na atakayeona namchelewesha avumilie.

Miaka minane alifanya kazi machinjioni, upande wa utumbo. Wanaume walichinja na kuchuna, wanawake waliosha. Alisimama kwenye maji ya baridi kutwa nzima, akiupindua utumbo wa ng'ombe, akiukwangua, akiusuuza na kuutupa kwenye beseni. Akirudi nyumbani mumewe alimwambia ananuka, akampiga kwa kunuka. Siku nyingine alimpiga kwa kukaa sana bafuni. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto hakikunjiki mpaka leo, kwa sababu yule bwana alikibana na mlango, akaushikilia mlango huku anahesabu hadi kumi. Alipoufungua, dada alichukua sufuria ya maji yanayochemka akammwagia miguuni, akatoka na nguo alizovaa. Alifika kwangu bila viatu. Nilitaka turudi tukammalizie, yeye akasema amechoka, anataka kulala.

Mimi ni dobi wa klabu ya michezo. Nafua taulo za wachezaji na kupiga pasi fulana zao. Chumba cha jirani kilikuwa cha mzee aliyefunga nyuzi za raketi, na aliposikia dada yangu ametoka machinjioni aliruka kwenye kiti. "Mlete huyo," akaniambia. "Uzi bora wa raketi unatengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe, na mimi macho yamekwisha." Dada alidhani anataniwa. Mzee akamwekea mezani koili mbili za uzi wa utumbo, akamwambia achague. Alizipitisha kati ya vidole huku amefumba macho, akairudisha moja.

"Huu haukukwanguliwa vizuri," alisema. "Utafumuka."

Mzee akainuka, akampa kiti chake. Alipostaafu alimwachia chumba chenyewe na mashine ya kuvutia nyuzi pamoja na vibano vyake, na watu wakaanza kumwita Mama Nyuzi. Dada si msemaji. Mdomo alipewa mtu mmoja tu katika familia yetu, na mtu huyo ni mimi.

Sasa Shoto. Huyu alikuwa binti wa miaka kumi na sita, anacheza kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana ya jina. Akipiga mpira ukaenda nje, uzio wote ulilia. Baba yake alijiita Kocha ingawa hajawahi kucheza hata seti moja. Tenisi aliisomea kwenye televisheni. Alikaa kando ya uwanja, na kila binti alipokosea alijipiga ngumi gotini. Sisi tukasema huyo ni baba mkali, tena tulisema kwa sifa. Nilisema na mimi, na naona aibu kuliandika hili.

Kila baada ya wiki mbili raketi ya Shoto ililetwa na kikaratasi kwenye mpini, kwa mwandiko wa Kocha: "Plastiki ngumu. Kilo ishirini na nane. Sitaki utumbo." Dada alifunga plastiki kama alivyoambiwa, akaivuta kwenye mashine kwa uzito wa kilo hizo, zile nyuzi zenye pembe zinazoukwaruza mpira ili uzunguke. Alishangaa kidogo kwamba mtu anakataa utumbo kwa maandishi wakati hakuna aliyemtajia.

Alasiri moja Shoto alikuja mwenyewe, raketi kwapani.

"Shikamoo, Mama Nyuzi. Leo naomba uniwekee utumbo. Kiwiko kinaniuma."

Ombi halikuwa na ajabu. Plastiki ni ngumu, inautikisa mkono; utumbo unanyumbuka, na wenye viwiko vibovu wote huwekewa huo. Dada akamshika mkono, akambonyeza pale kwenye mfupa ambapo mgonjwa wa kiwiko huruka. Shoto hakuruka. Akambonyeza tena kwa nguvu, wapi! Dada akamwangalia usoni, akamwachia, akatoa koili tatu kwenye droo bila kuuliza lolote.

Ya kwanza ilikuwa na doa, unyevu umeingia, akaitupa. Ya pili ilikuwa nyembamba. "Huu unaung'ata mpira vizuri, lakini kwa mapigo yako hautamaliza wiki," alimwambia. Ya tatu ilikuwa nene kidogo, rangi ya asali toka mwanzo hadi mwisho. Akaenda nayo dirishani, akawa anaukagua uzi kwa vidole, taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kapu la taulo.

"Mama Nyuzi," Shoto aliuliza, "mtu akipigwa kwa nyuzi za utumbo mwilini, unachana ngozi kama plastiki?"

Vidole vya dada vikasimama katikati ya uzi.

"Geuka," alisema.

Akampandisha fulana. Mgongo wote, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa miraba. Miraba midogo iliyopangana, mingine imekauka, mingine bado mibichi, na kila mstari pembe za plastiki zilikuwa zimeuchana.

"Ukishindwa mechi?" dada aliuliza.

"Nikishinda, ananipiga kwa makosa niliyofanya. Nikishindwa, ananipiga mpaka achoke."

Dada akasogeza kile kidole chake kisichokunjika karibu na mraba mmoja, bila kuugusa. "Hii ni kazi yangu," alisema. "Nafasi hizi nimezipanga mimi." Halafu akamshusha fulana taratibu, isiguse mibichi.

Nilitupa kapu chini nikasema naenda kumtafuta huyo mwanaume sasa hivi. Shoto akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Atanimaliza, dada. Niwekeeni utumbo tu, basi."

"Nakuwekea," alisema dada yangu. "Lakini leo huendi naye nyumbani." Akanigeukia. "Wewe piga simu polisi."

Nikapiga. Wakasema wanakuja saa hizi hizi. Nikarudi kwenye pasi chumba changu cha jirani, mlango wa katikati nikauacha wazi, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya, na dada akaanza kufunga nyuzi. Shoto alikaa kwenye kigoda nyuma yake. Dada alikuwa amekaza fundo la mwisho Kocha alipousukuma mlango.

"Mimi nakungoja uwanjani, wewe umekaa huku?" Akaikwapua raketi kwenye mashine, akazigusa nyuzi. "Nini hiki?"

"Nimeweka utumbo," dada alisema.

"Umeweka nini?"

"Utumbo."

Ndipo nilipong'amua kilichokuwa kwenye vile vikaratasi. Mtu yule hakujua kabisa kwamba kuna uzi wa utumbo. Kwake utumbo ni upuuzi, kama mtu anavyomwambia mwenzake acha kuongea utumbo. Mwaka mzima alikuwa anatuandikia kwamba hataki upuuzi.

"Niliandika sitaki utumbo! Na wewe unanijibu waziwazi kabisa kwamba umeniwekea utumbo?"

"Wa ng'ombe," alisema dada.

"Mimi ng'ombe?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nishike ukuta. Kocha alimgeukia binti yake. "Wewe ndiye umemfundisha kunitukana," akasema, akainua raketi kwa ubavu wa fremu, siyo kwa nyuzi. Dada akaweka mkono katikati. Niliusikia mfupa ukivunjika nikiwa chumba cha pili. Pigo la pili lilimpata mdomoni, meno mawili yakaenda. Hakuanguka. Aliing'ang'ania ile raketi kwa mkono mzima, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote, na Kocha akawa anampiga mateke ya tumbo ili aachie.

Mimi nilifika na pasi. Sitasema niliisahau mkononi. Niliichomoa ukutani kwa makusudi, ikiwa ya moto. Nilimbandika shingoni. Akapiga yowe, akaiachia raketi, akapiga magoti. Nikambandika tena begani. Hiyo ya pili haikuwa na lazima, na sijaijutia.

Shoto akaiokota raketi. Akainyanyua kwa ule mkono wa kushoto, akampiga baba yake shavuni mara moja, bapa, kwa nguvu zake zote. Mtu mzima akalala chali. Shoto akamwinamia, akamtazama shavu kwa makini. Miraba ilikuwa imejichora, myekundu, lakini hapakuwa na tone la damu.

"Kweli," alisema. "Hauchani."

Akaiweka raketi mezani, akaenda kumshika dada yangu kichwa.

Polisi walikuja wakati wao. Kocha walimpitishia hospitali kwanza, ndipo wakampeleka ndani, na bado yuko huko. Mimi nilikaa kwao siku mbili kwa ajili ya pasi. Afisa aliniuliza kama nilijua kwamba ina moto. Nikamwambia fulana hazinyooshwi na pasi baridi.

Shoto anaishi kwa mama yake mdogo sasa. Mwezi haujaisha tangu siku ile, akaja na raketi. Dada alikuwa na plasta hadi kiwikoni, ananifundisha kufunga nyuzi kwa kunitukana. Alitoa meno yaliyobaki kwa furaha, akafungua droo ya utumbo kwa mkono mzima, akaanza kumchagulia. Shoto akamzuia.

"Niwekee plastiki, Mama Nyuzi. Ile ile ngumu."

"Na kiwiko?" dada aliuliza, kana kwamba hajui.

"Hakijawahi kuuma. Napenda plastiki, inapiga sana." Akainama kidogo. "Nilikuwa naiogopa tu."

Dada akairudisha koili kwenye droo. Nilipoipokea raketi niliona kikaratasi kwenye mpini, safari hii kwa mwandiko wa Shoto mwenyewe: "Plastiki ngumu. Kilo ishirini na sita. Ni ya mpira tu." Dada alinifanya nimsomee mara mbili.