Nilivyomchapa Wangu Kwanza

Mimi si mtu wa kutoka. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba akinipoteza hahangaiki. Hutafuta kigoda changu tu, na mimi nitakuwa juu yake. Ni kweli. Miaka ile ya baada ya vita, nilipokuwa karani wa reli na nyumba yetu iko Chaani, mtaa wa Changamwe, nilikuwa nikirudi kutoka kazini navua viatu mlangoni, na viatu vile haviondoki pale mpaka asubuhi. Hata kanisani nilikwenda kwa kusukumwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mimi, kati ya watu wote wa Changamwe, nikakalishwa kando ya ulingo na kalamu mkononi niamue nani kampiga nani, sina jibu la maana. Nilikuwa nimefika shule ya sekondari ya misheni, basi. Siku hizo watu waliamini kwamba aliyefika huko anajua kila kitu, hata ngumi.

Ngumi za kulipwa zilichezwa Jumamosi alasiri, katika gudauni moja tupu karibu na njia ya reli. Mwandalizi alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, mtu mpole, aliyependa ngumi kuliko duka lake. Majaji walikuwa watatu: Mzungu mmoja wa bandarini, Mgoa mmoja karani wa forodha, na rafiki mmoja wa mwandalizi. Mara mbili mfululizo bondia aliyekuwa akiokotwa sakafuni alitangazwa mshindi. Mara ya pili watu walivunja mabenchi wakipiga kelele, "Mmekula! Mmekula!" Jumamosi iliyofuata gudauni lilikuwa nusu tupu. Ndipo yule mwandalizi akaja barazani kwangu na kofia mkononi.

"Karani, watu hawaniamini tena," akasema. "Wanataka yule rafiki yangu atoke, na jaji wa tatu awe mwenzao, tena mtu safi. Nimeuliza kila mahali. Wote wanakutaja wewe."

"Wamesema mimi ni msafi, au wamesema mimi siendi popote nikachafuka?"

"Yote mawili."

Mke wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Nami kwa kuona haya ya kuchekwa, nikakubali.

Jumamosi mbili za kwanza zilipita salama. Niliandika nilichokiona, watu wakapiga makofi, na mabenchi yakarudi kujaa. Nikaanza kutembea njiani kidogo kidogo, kitu ambacho majirani walikiona ni dalili ya ugonjwa. Kisha likabandikwa tangazo la pambano la tatu, na mmoja wa wale wawili alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu wa tumbo moja, toka nitoke.

Shemeji alikuwa mpakizi wa magunia bandarini. Ngumi alijifunzia jeshini, akarudi nazo pamoja na blanketi moja na jicho la kushoto lenye ukungu. Dresa wa zahanati alikuwa amemwambia wazi: jicho hilo likipasuliwa tena mara mbili tatu, ahesabu limekwenda. Lakini pambano hili lilikuwa na kitu zaidi ya pesa za siku moja. Wafanyakazi wa bandari walikuwa wakijengewa ukumbi wa michezo, na atakayeshinda ndiye angeajiriwa kuwa mwalimu wa ngumi pale. Mshahara wa kila mwezi, filimbi shingoni, na kupigwa basi tena.

"Hii ndiyo ya mwisho," alimwambia dada yake. "Nikishinda, glovu hizi nitazitundika ukutani kuku atagie."

Nilikwenda kwa mwandalizi nikamwambia yule ni shemeji yangu, anitafutie mtu mwingine. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa bahari ina maji. "Karani, hapa kila mtu ni shemeji ya mtu. Andika tu." Nikamwendea shemeji mwenyewe, nikitumaini atakuwa na akili kuliko sisi. Akanipiga bega, na bega langu lilikumbuka mkono ule siku tatu.

"Kwani nimekuomba unipendelee, shemeji? Wewe andika utakachokiona. Mimi kazi yangu ni kukuonyesha."

Kilichoniharibu si yeye. Kilichoniharibu ni watu wa kazini. Wiki nzima kila niingiapo ofisini, mmoja alikuwa akiinuka: "Shikamoo, jaji! Ati ngumi moja ya shemejio utaihesabu mbili?" Mwingine: "Mwacheni, yeye ameshaandika, anangoja Jumamosi ifike tu." Walikuwa wakitania. Mtu mwingine angewajibu akapita. Mimi nilikwenda nayo nyumbani yale maneno, nikakaa nayo kwenye kigoda, nikayaatamia.

Sasa yafaa niseme jambo moja la kwetu Rabai, ambalo nililelewa nalo kama nilivyolelewa na uji. Watoto wakipigana, wako na wa jirani, huulizi nani kaanza. Unamchapa wako kwanza, tena mbele ya jirani. Hapo jirani naye, kwa adabu hiyo hiyo, hukimbia akakushika mkono: "Mwache, jamani, wangu ndiye mchokozi." Mwenye haki hupata fimbo moja au mbili, lakini mwisho hutoka msafi, na jirani hubaki jirani. Mimi nilichapwa hivyo mara nyingi sana. Nilikuwa mtoto mwenye haki.

Jumamosi ilipofika gudauni lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya viunzi vya paa. Mpinzani alikuwa kijana wa bara, mfanyakazi wa kiwandani, mtu mrefu mwenye kifua kama mlango, na watu wa kwao walikuja wengi, wamejaza upande mzima. Raundi zilikuwa sita. Mwandalizi alikuwa ametuonya majaji kwamba hataki sare, maana watu wakitoka na sare hawarudi. Mwisho wa karatasi lazima liwepo jina moja.

Raundi nne za kwanza niliziandika kwa haki. Tatu alichukua shemeji, moja yule wa bara. Shemeji alikuwa akipiga kama apangavyo magunia, bila haraka, kila moja mahali pake. Raundi ya tano ilikuwa yake tena, hata kipofu angeisikia. Lakini kalamu ilipogusa karatasi, sauti moja nyuma yangu ikasema, "Karani, usisahau kumsalimia mkeo!" Watu wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Nikampa yule wa bara.

Nilijiambia, moja tu. Ya sita ilikuwa ya karibu zaidi, ila ilikuwa ya shemeji. Nayo nikampa mgeni. Ikawa tatu kwa tatu, na chini likabaki lile pengo la jina. Wallahi, ingawa mimi ni Mkristo na kiapo hicho si changu, sikukusudia kumdhulumu. Nilikuwa nikimchapa wangu kwanza. Nilimtazama Mzungu, nikamtazama Mgoa, nikaona nyuso za watu wazima walioona nilichokiona. Nikajua wao wawili watanishika mkono. Nikaandika jina la yule wa bara, nikakunja karatasi, nikajiona mtu mwenye adabu kuliko wote mle ndani.

Nilisahau kwamba Mzungu na Mgoa hawakuzaliwa Rabai.

Refa alisoma karatasi zetu peke yake kisha akazichana, ila nilizichungulia mkononi mwake: Mzungu alimpa shemeji. Mgoa alimpa yule wa bara, sijui kwa nini. Huenda ndivyo alivyoona. Refa akainua mkono mrefu wa yule kijana. Hata watu wa bara walitazamana kwanza. Kisha benchi la kwanza likaruka.

Shemeji alisimama ulingoni damu ikimtiririka juu ya jicho la kushoto. Alimtazama Mzungu, akamtazama Mgoa, na hapo kwa Mgoa akakwama. Aliponifikia mimi alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayempa mwenziwe pole. Yule Mgoa alikimbizwa mpaka kituo cha basi, wakampokonya kofia. Mimi nilisindikizwa nyumbani. Ni nani angeshuku kwamba mtu amemuuza shemeji yake mwenyewe, tena bure?

"Wewe mtu safi kabisa," mwandalizi aliniambia siku ya pili, machozi yakimlengalenga. "Wale wengine wameniua."

Jioni ya siku ya pambano mke wangu alikuwa akimkanda ndugu yake jicho kwa maji moto ya chumvi. "Si neno, dada," shemeji alisema. "Angalau mmoja alinihesabia sawa." Mke wangu akakamua kitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Aliyekudhulumu, Mungu ampe macho ayaone aliyoyafanya." Nikasema amina. Ningesema nini kingine?

Kazi ya ukumbini akaichukua yule wa bara, na aliifanya vizuri. Sina kinyongo naye, yeye hakuandika karatasi yoyote. Shemeji akarudi kwenye magunia, na magunia hayakutosha watoto wake, akarudi kwenye ngumi. Alipigana mara tatu tena, mbele ya watu wachache zaidi kila mara, kwa kuwa baada ya siku ile hakuna aliyeamini tena tangazo lolote lililotoka mle ndani. Pambano la tatu ndilo lililochukua jicho. Gudauni likawa ghala la mahindi.

Siku moja, mwaka ulikuwa umepita, shemeji alikuwa amekaa barazani kwetu, nami nipo kwenye kigoda. Mwanangu akaingia mbio analia, na nyuma yake mtoto wa jirani analia, na nyuma yao jirani mwenyewe. Nikainuka, nikachomoa fagio, nikamkamata wangu mkono.

Mke wangu akatoka jikoni akalishika lile fagio. Hakupaza sauti.

"Leo uliza kwanza," akasema.

Nilimtazama usoni, nikajua kwamba anajua, na kwamba amejua siku nyingi. Ameishi nami, ameniona nikichapa. Hakuhitaji karatasi. Shemeji akageuza kichwa chote kunitazama, kama ilivyombidi kugeuza siku hizo, akingoja.

Nikauliza. Wangu hakuwa na kosa.