Mito Niliyoichora Mirihi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini, Mama Kulwa, msimamizi wa ramani, alinikalisha mbele ya meza pana akanipa kipanya cha kompyuta chenye kioo na alama ya msalaba. Ilikuwa ofisi ya watafuta dhahabu mjini Shinyanga. Nilibandika mezani ramani ya karatasi ya Geita, nikafuata kila mstari kwa msalaba ule, na kompyuta ikauchora upya kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizolaliana: milima tabaka lake, barabara tabaka lake, mito tabaka lake. Kutwa nzima nilitembea taratibu kwenye nchi ambayo sikuwahi kuikanyaga.

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Shule niliishia darasa la saba. Wazazi walikuwa wamefariki, na baba mdogo alishapanga: nikikosa ajira, wadogo zangu watatu wagawanywe kwa ndugu, mmoja Mwadui, mmoja Buseresere, mmoja kwake.

Wiki ya mwisho Mjiolojia Mkuu alileta picha za sayari ya Mirihi zilizopigwa na chombo cha angani. Alitaka kuwafundisha walimu wa jiografia sayansi ya sayari kwa programu yetu ileile ya ramani.

"Chora unachokiona," akaniambia. "Hiki ndicho kipimo chako."

Nilichora mashimo ya vimondo, kisha mabonde membamba yaliyoungana kama matawi. Nilihisi nimewahi kuyavuka pekupeku. Nikayaweka tabaka la mito, rangi ya buluu.

"Nani katia maji Mirihi?" Mjiolojia Mkuu akauliza.

"Mimi, mzee."

"Bado kidogo angetuwekea na ng'ombe wanakunywa," alisema Mama Kulwa, na chumba kizima kikacheka.

Nilishika ukingo wa meza. "Maji sijayaona, mzee. Lakini kwetu Ngokolo mto ni mchanga karibu mwaka mzima, na bado tunauita mto. Haya mabonde madogo yanaingia kwenye kubwa, yote yanateremkia upande mmoja. Kuna kitu kilipita hapa."

Mjiolojia Mkuu aliinamia skrini, akayafuata mabonde kwa kidole. "Wataalamu nao wanasema maji yalipita, zamani sana. Ila ramani inaonyesha kilichopo leo. Fungua tabaka jipya, liite mikondo mikavu, paka kahawia. Na Jumamosi utawaeleza walimu wewe."

"Mimi wa darasa la saba?"

"Kwani mto uliusomea wapi?"

Jumamosi niliwasha tabaka moja moja. Walimu walisogeza viti karibu na skrini, kana kwamba sote tunaelea juu ya nchi nyekundu isiyo na sauti. Mmoja akauliza nimesoma chuo gani.

"Cha hapa mezani," Mama Kulwa akajibu kabla yangu.

Jumatatu nikapewa barua ya ajira.

Nimestaafu sasa, na vijana mnafungua ramani kwenye simu. Bado nawaambia: kabla hujaipa alama jina, jiulize unaiona au unaikumbuka. Nilipohamishiwa Geita tulikwenda wote wanne, mimi na wadogo zangu.

Siku ya barua ile niliwasimulia wadogo zangu habari za Mirihi wakati wa chakula. Wa mwisho akauliza watu wa kule walikwenda wapi maji yalipokauka. Nikamwambia hapakuwa na watu.

"Na sisi tunakwenda wapi, dada?"

"Hatuendi popote," nikasema, naye akaendelea kula.