Ng'ombe Aliyevaa Kofia ya Karani

Wegesa wa Matongo hakuwa mtu wa kuamini kitu kirahisi. Ukimpa shikamoo kwa uchangamfu kupita kiasi, anakuuliza unataka nini. Akiletewa maziwa, ananusa kwanza. Watu walimsema, naye akawaacha waseme, maana tangu afiwe na mumewe alishajua kwamba mjane asiye na macho huliwa mchana kweupe.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, akaibiwa ng'ombe wa kulimia. Mwenzake wa nira alibaki peke yake zizini, na plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Mvua nazo ndiyo zinakaribia. Asipolima, watoto wangekula nini? Shemeji yake Machage, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeitikia yowe wa kwanza, akaongoza wanaume kufuata nyayo mpaka zikapotelea Mto Mara. Aliporudi alimwambia, "Shemeji, kikulacho ki nguoni mwako. Chunguza majirani." Basi Wegesa akawachunguza majirani mpaka wakamchoka.

Sasa, katekista Filemoni alikuwa na mchezo wake. Alizunguka vijijini kwa baiskeli akichora alichokiona, kisha akitia vichekesho: mbuzi anaendesha baiskeli, kuku anafundisha darasa. Misheni iliichapa michoro hiyo katika vitabu vya watoto wadogo. Siku moja Gati, binti wa Wegesa, alirudi nyumbani na kimoja, anacheka hadi machozi yanamtoka. Ndani yake ng'ombe kavaa kofia na miwani ya karani, anakunywa uji.

Wegesa hakucheka. Pembe ya kushoto imeinama kuelekea jichoni. Sikio la kulia lina mikato miwili, ile aliyoikata mumewe kwa mkono wake. Alikibeba kitabu mpaka kwa Filemoni.

"Katekista, ng'ombe wangu ulimwona wapi?"

"Mama, nimechora ng'ombe wengi. Kwako sijawahi kufika, ila huyu sikumbuki nilimkuta wapi."

"Kofia unaikumbuka, zizi hulikumbuki?"

Filemoni akajikuna kichwa. Wegesa aliondoka amefura kwa hasira, akiamini kabisa kwamba mwizi kapatikana, tena mwizi mwenye msalaba shingoni.

Alikwenda moja kwa moja Nyamongo kwa Machage, amwombe aite wazee wamhoji katekista. Machage akakipokea kitabu, akakitazama kidogo, akakifunga.

"Shemeji, unataka watu watucheke? Ng'ombe gani anavaa miwani? Niachie, nitakutunzia."

Kumtunzia kwa nini? Wegesa akakivuta, Machage naye akakishikilia, kikaanguka chini. Bhoke, kitinda mimba wa Machage, akakiokota. Alifunua, akaangua kicheko.

"Baba, tazama, ni yule wetu wa nyuma ya ghala." Kisha akakunja uso, akatazama tena. "Lakini wetu hana kofia."

"Mtoto huyu ana homa," Machage akasema.

Wegesa alikuwa amekishuku kijiji kizima, hata katekista wa watu, akamwacha mmoja tu, yule aliyelia naye matangani. Iliuma kuliko kuibiwa kwenyewe. Aliinama akamshika Bhoke mkono.

"Twende, mama," alisema taratibu. "Nionyeshe huyo asiye na kofia."